Kitovu cha Loyce

Ukitaka kumwona Dorkas amepandwa na hasira, mpelekee mtoto mchanga aliyepakwa mavi ya ng'ombe kitovuni. Kwa miaka kumi na mitatu amekuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika kituo kimoja cha afya upande wa Kintinku, na katika miaka hiyo amefuta kila kitu kinachoweza kutoka ndani ya binadamu: damu, maji ya uzazi, matapishi, usaha, na vingine ambavyo mtu mwenye staha havitaji wenzake wakiwa wanakula. Havimtii kinyaa. Anamwaga jiki, anavuta dekio, anaimba pambio lake taratibu mpaka sakafu inang'aa. Wanaomtia kinyaa ni watu.

Wanamtia kinyaa wanaume wanaokuja kuona mtoto huku wananuka pombe tangu asubuhi. Wanamtia kinyaa mawifi wanaomkagua mzazi kama wanakagua mbuzi mnadani, na muuguzi anayeweka andazi lake juu ya meza ya sindano halafu analila. Wote hao huwamaliza kwa msonyo mmoja mrefu ambao wodi nzima inaujua. Ila mavi ya kitovuni yanamfungua mdomo.

Mwezi wa nne mwaka huu aliletwa Amne, binti wa Mitundu aliyeolewa jirani na kituo, akiwa na mtoto wa siku sita anayechemka homa. Kumfungua mtoto si kazi ya mhudumu. Dorkas alikuwa anapita tu na ndoo yake, akasimama, akanusa hewa, akaiweka ndoo chini.

"Funua," alisema.

Amne akafunua. Kitovu kilikuwa kimefunikwa na kitu cheusi kilichokauka na kupasuka, na ngozi ya pembeni ilikuwa nyekundu, inatoa maji.

"Hiki nini?"

"Dawa, mama. Ya kukausha."

"Imetoka duka gani?"

Amne akainamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe. Imetoka duka gani, au imetoka chini ya mkia wa ng'ombe?" Wazazi wa vitanda vya jirani wakacheka, na kicheko chao kikampa Dorkas nguvu. "Hapa pamekatwa. Hiki ni kidonda kibichi. Wewe ukijikata mguu na jembe, unaupeleka zizini? Mwanao hana hata wiki duniani umeshamlisha choo kwa njia ya tumboni. Na ukifika nyumbani unakula ugali kwa mkono huo huo, mama mzima."

Aliendelea hivyo mpaka Amne akalia, ndipo akaokota ndoo yake akaenda zake ameridhika. Mtoto alichomwa sindano siku saba, akapona. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi nasema huyu wetu alikuwa analiona vizuri sana, na ndiyo maana alipiga kelele kuwashinda nyani wote.

Dorkas ni Mnyaturu wa Ihanja aliyeolewa na Obadia, kijana wa Kigogo aliyekuwa fundi wa reli. Obadia alikufa kwa ajali ya pikipiki binti yao Loyce akiwa na miaka mitatu. Dorkas akabaki kwenye mji wa mama mkwe wake, Kristina, na Kristina ndiye aliyemlea mtoto ili mkwe wake apate kwenda kazini. Hapakuwa na ugomvi ndani ya nyumba hiyo. Majirani walishangaa, na wengine iliwaudhi kabisa, maana mama mkwe na mkwe wasiogombana wanawanyima watu cha kusema.

Loyce alipofika miaka tisa, Jumapili ya mavuno, alisimama na kwaya ya watoto, akakaa ghafla, akatapika damu. Ilikuwa damu nyeusi, ina mabonge kama maini ya kuku, ikamjaa mapajani na kumwagika mpaka kwenye madebe ya alizeti yaliyoletwa sadaka. Kanisa zima lilirudi nyuma. Wenye viatu vipya walinyanyua miguu. Mzee mmoja wa kanisa alisema ni pepo, na wengine wakanyoosha mikono kwa mbali kumwombea, mikono ishirini au thelathini hewani, na hata mmoja haukushika kitambaa. Dorkas alivua kitenge chake akafuta. Kristina alimbeba mtoto mgongoni, damu ikimchuruzika shingoni, akatoka naye kutafuta gari. Dorkas hajawasamehe watu wale. Wakimpa mkono wa amani ibadani anaupokea kwa ncha za vidole.

Kilichofuata kilikuwa kichafu zaidi. Bandama la mtoto lilikuwa limevimba. Ukimshika ubavu wa kushoto unalikuta limekaa gumu kama jiwe. Siku moja Dorkas akiwa zamu, wifi yake alimchukua Loyce akampeleka kwa mganga "kukatwa bandama", kama wanavyofanyiwa watoto wengi huku. Mganga hakati bandama lolote. Anachanja ngozi ya ubavuni kwa wembe, chale kumi na mbili, anasugua masizi, anapokea jogoo wake. Chale zikaoza. Mwezi mzima Dorkas alikuwa anakamua usaha kwenye ubavu wa mwanawe, na yeye na wifi yule hawasalimiani mpaka leo.

Ukweli wa ugonjwa waliambiwa Dodoma, kwenye hospitali ya rufaa. Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini ulikuwa umezibwa na bonge la damu iliyoganda, tena siku nyingi, tangu utotoni. Kwa miaka saba Loyce akawa anaingizwa mpira wenye kamera kooni, mishipa iliyovimba inafungwa kwa vipira vidogo. Anatapika, anaongezwa damu, anafungwa, anarudi shule. Nyumbani palikuwa na beseni lake peke yake, jekundu, maana kwenye beseni jeupe damu ilimtisha akazidi kutapika.

Mwezi wa tano mwaka huu, Loyce akiwa na miaka kumi na sita, walikwenda Dodoma wote watatu. Daktari Laurian, mtaalamu kijana mwenye sauti ya chini, alimwamkia Kristina kwanza, akawaketisha, akawaonyesha picha kwenye kompyuta.

"Bibi, wewe ni mtu wa Kintinku, reli unaijua. Reli ikizolewa na mafuriko, inakuwaje?"

"Treni inakwama, mjukuu wangu. Abiria wanajazana stesheni."

"Basi damu ya Loyce imekwama hivyo. Inatoka tumboni na kwenye bandama, inataka kwenda kwenye ini, inakuta njia imezibwa. Inajazana kwenye vijishipa vyembamba vya koo la chakula, vinavimba, vinapasuka. Hivyo tulikuwa tunavifunga. Sasa vimetokea na ndani ya tumbo, na vya huko havifungiki vizuri. Siku vikipasuka kwa nguvu hamtawahi kufika hapa."

Alisema tiba iliyobaki ni upasuaji: kuuchukua mshipa wa bandama na kuuunganisha na mshipa wa figo ya kushoto, ili damu ipate njia ya pembeni ya kurudi kwenye moyo bila kulazimika kupita kwenye ini. Madaktari bingwa wa kazi hiyo walikuwa wanakuja kwa kambi ya wiki moja, mwezi wa sita. Kambi nyingine ingekuwa mwakani.

"Lakini lazima nijue bonge lilitoka wapi," alisema, akamgeukia Dorkas. "Kuna watu ambao damu yao yenyewe ina tabia ya kuganda. Ukimfanyia mtu wa namna hiyo bila kujua, na njia mpya nayo itaziba. Ila wengi walioanza utotoni chanzo chao ni kitovu. Kilioza, uchafu ukapanda na mshipa mpaka kwenye ini. Mama, Loyce alipozaliwa kitovu kilisumbua? Kuna kitu kilipakwa?"

Kristina alikuwa amekaa kushoto kwa Dorkas, mikono juu ya magoti. Loyce alikuwa kulia.

"Hapana," Dorkas alisema. "Kilidondoka salama."

"Una hakika, mama? Swali hili ndilo linaloamua."

"Mimi ni mhudumu wa wodi ya wazazi, daktari. Mambo ya kitovu nayajua."

Daktari akaandika. Basi, alisema, damu ya Loyce itapelekwa mbali kupimwa, na majibu ya vipimo hivyo huchukua wiki sita mpaka nane. Kambi ya mwezi wa sita itampita. Watamwandika kwenye ile ya mwakani, na hapo katikati waombe Mungu mishipa ivumilie. Kristina alimtazama mkwe wake mara moja, akafunga upya kilemba chake, wakatoka.

Kesho yake Dorkas alikuwa nyuma ya kituo anafua mashuka ya wodi. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili yakafifia, ya tatu yakawa safi, na yeye alikuwa bado anasugua pale pale palipokwisha takata. Alikuwa anaona kinyaa mpaka mate yanamjaa mdomoni, na safari hii hakuwa na wa kumsonya.

Nikueleze alichokuwa anakikumbuka. Loyce alizaliwa mwezi wa saba, siku ya Jumanne, na Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa arusi ya Emiliana, mdogo wake Dorkas, kule Ihanja. Ada ya nyumba ile, kama nyumba nyingi, ni kwamba mzazi havuki kizingiti mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Dorkas alikuwa na miaka ishirini na mbili, ameshona gauni la bluu lenye mabega ya kupuliza, ana mume mwenye ajira ya reli. Alitaka Ihanja wamwone. Kitovu nacho hakikuwa na haraka. Kristina alikuwa anakisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, basi. Dorkas alipolalamika alimjibu, "Kiache, kitadondoka kikitaka. Arusi si msiba, usipokwenda watakuelewa."

Jumatano Kristina alipokwenda kisimani, Dorkas alizunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye banda la ndama. Alivuka kizingiti, ndiyo, akaenda kuchota mavi ili apate ruhusa ya kuvuka kizingiti. Ndama mwenyewe alikuwa anaharisha. Alichota ya moto moto kwa jani, akakwangua masizi ya sufuria, akachanganya kwa kidole, akampaka mwanawe na kumfunga kitambaa. Hakuna aliyemlazimisha. Kliniki walikuwa wamekataza jambo hilo na yeye alisikia kwa masikio yake. Ijumaa kitovu kikadondoka. Jumamosi alicheza arusini Ihanja mpaka vumbi likamfika magotini, na mtoto mgongoni alikuwa tayari ana joto. Alilisikia joto lile likipenya gauni la bluu. Akaendelea kucheza.

Waliporudi, kitovu kilikuwa kimevimba, kinanuka, kinatoa usaha. Walilazwa wiki tatu. Muuguzi aliuliza kwa ukali ni nani aliyempaka mtoto uchafu, na Dorkas, mtoto akiwa kwenye ziwa lake, alisema, "Mama mkwe." Muuguzi akamgeukia Kristina mbele ya wodi nzima, akamwambia yote ambayo Dorkas baadaye angejifunza kuwaambia wengine. Kristina, mama mwenye wajukuu, alisimama pale akasikiliza mpaka mwisho. Hakukana. Nyumbani pia hakuuliza kitu. Dorkas alisubiri ugomvi siku nyingi, haukuja, na mwishowe akajizoeza kuamini kwamba mama wa watu hakuelewa kilichosemwa.

Ndiyo maana kule Dodoma ulimi ulimganda. Mama mkwe yuko kushoto, hawezi kumsingizia mara ya pili mbele ya macho yake. Binti yuko kulia, hawezi kujitaja. Kati ya kushoto na kulia akaona afadhali mtoto asubiri mpaka mwakani na mishipa yake ya kupasuka. Nimewajua wezi wa ng'ombe wenye haya kuliko hiyo.

Namba ya daktari alikuwa nayo. Mficha uchi hazai, alijiambia, piga simu useme. Siku tano aliitazama namba ile, mara asubuhi, mara mchana, akairudisha simu mfukoni.

Siku ya sita, Jumamosi, saa nne asubuhi, Loyce alitapika. Beseni lilijaa, wakaleta ndoo. Mara hii damu ilitoka juu na chini, na ile ya chini ilikuwa nyeusi kama lami, ina ile harufu ambayo mtu akishaisikia haisahau, ya chuma na uozo pamoja. Kuku walikuja kudonoa ukingoni mwa mkeka, Kristina akawafukuza kwa kanga. Dorkas alifuta, akafuta, mikono yake inajua kazi yenyewe bila kuagizwa, mpaka gari la kituo lilipofika na kuwapeleka Dodoma na dripu inaning'inia.

Walifanikiwa kuizuia damu. Jioni Daktari Laurian alikuja kitandani, macho yamemwiva kwa uchovu.

"Tumeikamata," alisema. "Ikirudi tena, sijui."

Kristina alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alijisogeza mbele.

"Daktari, siku ile ulimwuliza mama yake. Yeye alikuwa mzazi wa kwanza, mtoto mdogo, hakujua yaliyofanyika. Hukuniuliza mimi. Kitovu kilioza. Walilazwa wiki tatu. Kilipakwa mavi ya ndama na masizi."

"Nani alipaka, bibi?"

"Mimi."

"Una hakika?"

"Mtu atasahau mkono wake?"

Dorkas alikuwa anafuta chuma cha kitanda. Aliendelea kukifuta. Mdomo wake, ule uliomliza Amne na wengine mia kabla ya Amne, ulikaa umefungwa kama mdomo wa mtungi uliofunikwa.

Daktari hakukemea. Alisema hata picha zinalingana na jambo hilo, na kwamba kwa chanzo kinachojulikana hivyo vipimo vya hapo hapo vitatosha. Jina la Loyce litaingia kwenye kambi ya mwezi wa sita. Akaondoka kwenda kulipeleka. Loyce alikuwa macho wakati wote. Aligeuza uso akatazama ukuta.

Nje, kwenye korido, Dorkas alimshika Kristina mkono.

"Mama, kwa nini umesema hivyo?"

"Jina limeandikwa?"

"Limeandikwa."

"Basi."

"Na ile mara ya kwanza? Ulijua?"

"Niliona kitambaa, mama Loyce. Nina macho."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Mtoto alikuwa ananyonya kwako, hakuwa ananyonya kwangu," Kristina alisema. "Ningekuvunja pale, maziwa yangetoka wapi?"

Wiki tatu walikaa nyumbani kusubiri kambi. Loyce ni binti wa Dorkas, na kinyaa alikirithi chote. Aliacha kula kilichopikwa na bibi yake. Akiletewa uji alinusa kikombe, akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Alihamisha godoro lake kutoka chumba cha bibi, alimokuwa analala tangu aachishwe ziwa, akalitandika sebuleni. Kristina akaanza kunawa mikono kwa sabuni uani, mahali ambapo mjukuu wake angemwona, mara tatu, mara nne, anaisugua mpaka kwenye viwiko. Loyce alikuwa anamtazama akinawa, kisha haigusi ile sahani.

Dorkas aliyaona yote. Kila asubuhi alisema leo nitasema, na kila asubuhi alikuwa na sababu: mtoto asishtuke, presha isipande, mishipa isipasuke. Habari ilishaenea kama kawaida ya habari. Wale wale wanawake wa kanisa walionyanyua viatu walikuja na sukari na pole zao. "Kumbe adui alikuwa ndani, Dorkas," walimwambia kwa sauti ya chini. Naye akajibu, "Ndiyo hivyo. Tumwachie Mungu." Alisema maneno hayo kwa mdomo wake, na Kristina yuko jikoni anawachemshia wageni chai. Mpaka leo nikiifikia sehemu hii natamani kutema mate.

Siku ya safari ikafika. Gari la kukodi lilikuwa mlangoni tangu saa kumi na mbili na nusu. Hospitali ilikuwa imesema mgonjwa mmoja na mwangalizi mmoja, na begi Dorkas alishalifunga: kanga, sabuni, ndala, karatasi za rufaa. Majirani wawili watatu walikuwa wamekuja kuaga.

Kristina alitoka ndani amevaa kitenge chake kizuri. Kwao mtu akienda kwenye jambo zito, mkubwa wa nyumba humtemea mate ya baraka kifuani na kumshika kichwa. Alimsogelea mjukuu wake, mikono ameinyanyua.

Loyce akarudi nyuma.

"Usinitemee, bibi," alisema. "Na usinishike. Nikikuangalia mikono naona mavi."

Mikono ya Kristina ilibaki hewani kidogo. Halafu aliishusha, akaipangusa kwenye kitenge, mbele na nyuma, kama vile kweli ilikuwa na kitu.

Dorkas hakuweza kulitazama hilo. Alikuwa ameweza mengine yote, la kupangusa mikono lilimshinda.

"Ni mimi," alisema.

Watu wakageuka.

"Bibi hakukupaka. Ni mimi niliyekupaka, Loyce. Bibi alikuwa anakuosha kwa maji ya chumvi, akanikataza nisikiguse. Alipokwenda kisimani nikachota kwenye banda la ndama nikakupaka."

"Mama Loyce, nyamaza," Kristina alisema. "Mtoto anakwenda kupasuliwa. Asiende na mambo."

"Nimenyamaza miaka kumi na sita, mama. Nilikusingizia akiwa mchanga, na juzi Dodoma nikakuacha ujisingizie mwenyewe."

Loyce alikuwa amesimama na mkono ubavuni, juu ya zile chale.

"Kwa nini ulinipaka?" aliuliza.

"Nilitaka kitovu kidondoke upesi. Kulikuwa na arusi ya mama yako mdogo Emiliana."

"Arusi."

"Ndiyo."

"Ukaenda?"

"Nilikwenda."

"Ukacheza?"

Hapo angeweza kusema uongo mdogo, na sidhani kama kuna ambaye angemlaumu. "Nilicheza," alisema. "Ukiwa mgongoni. Ulikuwa na homa."

Loyce alitema mate chini, kando ya viatu vya mama yake, kama mtu aliyemeza nzi. Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya Kristina, kwenye vumbi, na nguo yake safi ya safari, akafungua kifungo cha juu. Kristina alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtemea mate ya baraka, akasema maneno yake ya Kigogo polepole, asiruke hata moja. Dereva alizima injini ili amalize.

Walipomaliza, Loyce alichukua begi kutoka mkononi mwa mama yake akampa bibi.

"Twende, bibi."

"Bibi hajui hospitali ile," Dorkas alisema. "Hajui dirisha la dawa, hajui maabara. Atapotea."

"Ataulizia," Loyce alisema, akaingia garini.

Majirani waliondoka bila kuaga. Dorkas aliwasikia wakianza kuongea kabla hawajafika barabarani, na alijua kufikia mchana jambo hilo litakuwa limefika kituoni, kwenye wodi ya wazazi, kitanda kwa kitanda. Alikwenda kazini hivyo hivyo. Alipoingia, yule muuguzi wa andazi alimpisha njia kwa kubana sketi yake.

Upasuaji ulifanyika Jumatano, ukachukua saa saba. Jioni muuguzi wa Dodoma alipiga simu kwa niaba ya Kristina kusema mgonjwa ametoka salama, yuko chumba cha uangalizi. Siku ya nne Kristina alipiga mwenyewe. Dorkas alikuwa amepiga magoti anafuta chini ya kitanda cha mzazi.

"Wamemrudisha wodini, mama Loyce," Kristina alisema. "Amekunywa uji nusu kikombe. Daktari ameangalia kwa mashine yake, anasema damu inapita vizuri kwenye njia mpya."

Dorkas alikaa chini pale pale sakafuni. Alilia, akamshukuru Mungu, akamshukuru Kristina, akarudia tena yote mawili, na wazazi vitandani wakajifanya wanatazama watoto wao.

"Mama, naomba niongee naye. Kidogo tu."

Alisikia simu ikihamishwa, kishindo cha toroli ya dawa, sauti ya Kristina ikinong'ona. Halafu Kristina akarudi.

"Anasema amechoka."

"Ni haki yake, mama. Saa saba za kupasuliwa si mchezo. Mwache apumzike, nitapiga kesho." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ni uchovu tu, sivyo?"

Mara mbili Kristina alikuwa amembebea mkwe wake uongo, kila mara kwa ajili ya yule mtoto, na mtoto sasa alikuwa kitandani anamtazama, damu inapita.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hajachoka."